Mechi 154 za Montreal Royals

Kila tarehe 15 Aprili wachezaji wote wa Ligi Kuu ya besiboli nchini Marekani huvaa jezi namba 42. Namba hiyo ilikuwa ya Jackie Robinson, ambaye siku kama hiyo mwaka 1947 aliingia uwanja wa Ebbets Field akiichezea Brooklyn Dodgers, akawa mchezaji Mweusi wa kwanza kuonekana katika Ligi Kuu tangu karne ya 19. Mwaka 1997 timu zote ziliistaafisha namba yake, na hakuna mchezaji mwingine wa besiboli aliyewahi kupewa heshima ya namna hiyo. Anaistahili kabisa. Tarehe iliyochaguliwa, hata hivyo, inapotosha. Robinson alipokanyaga uwanja wa Brooklyn alikuwa ametoka kumaliza msimu mzima wa ligi ndogo akiwa na Montreal Royals, na maswali yaliyowakosesha wakubwa wa mchezo usingizi yalikuwa yameshajibiwa huko, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni moja. Je, wenzake wangekubali kucheza naye? Je, mashabiki wangelipa kiingilio? Je, angeweza kumeza matusi mwezi baada ya mwezi bila kukunja ngumi? Nadai kwamba ukuta wa rangi katika besiboli ulibomolewa mwaka 1946, katika mechi 154 za timu iliyokuwa chini ya Ligi Kuu, na kwamba kazi hiyo iliwezekana hapo kwa sababu ya namna ligi ndogo inavyoendeshwa: mechi karibu kila siku, katika miji ya kawaida, mbele ya watu walewale, mpaka jambo la ajabu likaacha kuwa la ajabu.

Msomaji aliyezoea soka anahitaji kwanza kuelewa kitu kimoja. Katika besiboli ya Marekani timu haipandi daraja wala haishuki. Timu ya ligi ndogo inaweza kutwaa ubingwa leo, na mwakani ikaanza palepale ilipokuwa. Anayepanda ni mchezaji mmoja mmoja, akiitwa na klabu kubwa inayommiliki. Mpango wa klabu kubwa kumiliki timu ndogo mikoani, ili vijana wapikwe huko kabla ya kuitwa juu, ulijengwa na Branch Rickey alipokuwa akiongoza St. Louis Cardinals, naye akahama na ujuzi wake alipochukua uongozi wa Dodgers mwaka 1942. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, ligi hizi zilifurika. Zilikuwa zimepungua hadi 12 mwaka 1945, na mwaka uliofuata zikapita 40. Tatu za juu zaidi zilipewa daraja jipya la AAA mwaka huohuo wa 1946, na mojawapo ilikuwa International League, yenye timu nane: Montreal na Toronto upande wa Kanada, Buffalo, Rochester, Syracuse, Newark, Jersey City na Baltimore upande wa Marekani. Timu ngeni ilifika mjini, ikalala hotelini, ikacheza siku kadhaa mfululizo na wenyeji walewale, ikaondoka, na baada ya wiki chache ikarudi tena. Aliyemzomea mchezaji Mei alipata nafasi ya kumtazama tena Juni, Julai na Agosti.

Ligi yenye jina hilohilo la International League ndiyo iliyokuwa imeuchora mstari wa rangi miaka 59 kabla. Mwaka 1884 Moses Fleetwood Walker, Mmarekani Mweusi, alikuwa mdakaji wa timu ya Toledo iliyohesabiwa kuwa ya Ligi Kuu. Mwaka 1887 alikuwa Newark, katika International League, akidaka mipira ya mrushaji Mweusi mwenzake, George Stovey, huku Frank Grant akitamba Buffalo. Tarehe 14 Julai mwaka huo wamiliki wa timu walikutana Buffalo wakapiga kura kwamba wasisaini tena mikataba mipya na wachezaji Weusi. Siku hiyohiyo Cap Anson, nahodha wa Chicago, aligoma kuipeleka timu yake uwanjani dhidi ya Stovey katika mechi ya kirafiki. Walker aliendelea mpaka 1889 akiwa Syracuse. Alipoondoka, mlango ukafungwa. Ligi Kuu haikuwahi kuandika katazo lolote, na kwa zaidi ya nusu karne wakuu wake waliapa kwamba hakuna sheria inayomzuia Mweusi kucheza. Kwa maandishi walisema kweli. Lakini maafikiano ya watu wachache yaliyogeuka desturi yalifanya kazi kwa ukali kuliko sheria, kwa kuwa hapakuwa na ibara ya kupinga mahakamani. Jambo hili lina uzito katika hoja yangu, kwa sababu kitu kilichojengwa kwa mazoea hakivunjwi kwa tamko. Kinahitaji mazoea mengine ya kushika nafasi yake.

Nani basi alianzisha mazoea hayo mapya? Wapo wanaompa Rickey sifa zote, na wapo wanaomwona mfanyabiashara aliyenusa faida. Ukweli ni kwamba aliusukuma mlango ambao wengine walikuwa wameugonga kwa miaka mingi. Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier na Sam Lacy wa Afro-American waliandika bila kuchoka. Gazeti la Wakomunisti, Daily Worker, lilifanya kampeni tangu miaka ya 1930. Weusi waliorudi kutoka vitani walihoji waliipigania nchi ya nani. Kamishna wa besiboli Kenesaw Mountain Landis, ambaye kwa miongo miwili chini yake hakuna kilichobadilika, alifariki Novemba 1944. Mwaka 1945 jimbo la New York lilipitisha sheria ya Ives-Quinn iliyokataza ubaguzi katika ajira, na Dodgers walikuwa waajiri wa New York. Rickey alikutana na Robinson ofisini kwake Brooklyn tarehe 28 Agosti 1945. Mbele yake alikuwa kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Cairo, Georgia, aliyekulia Pasadena, California, nyota wa michezo minne katika chuo cha UCLA, aliyekuwa luteni jeshini na aliyeshtakiwa kijeshi mwaka 1944 baada ya kukataa kuhamia viti vya nyuma vya basi huko Texas. Aliachiwa huru. Alikuwa akiichezea Kansas City Monarchs ya ligi za Weusi. Sharti kubwa la Rickey lilikuwa kwamba asijibu uchokozi. Tarehe 23 Oktoba rais wa Royals, Hector Racine, aliutangazia ulimwengu mjini Montreal kwamba Robinson amesajiliwa. Kumpeleka ligi ndogo kwanza kulikuwa na sababu ya kawaida, maana wachezaji karibu wote walipitia huko kabla ya kufika Brooklyn. Kulikuwa pia na sababu ya pili: msimu mzima wa kuwazoesha watu, katika mji ulio nje ya mipaka ya Marekani.

Kabla ya msimu kuanza ilibidi kupita Florida, ambako timu nyingi hufanya mazoezi ya masika, na hapo ndipo tunapoona jinsi mazoea ya zamani yalivyokuwa na meno. Robinson alikuwa amefunga ndoa na Rachel tarehe 10 Februari 1946. Baadaye mwezi huohuo wawili hao walisafiri kwa ndege kutoka California, wakashushwa New Orleans, wakashushwa tena Pensacola ili viti vyao wapewe abiria wengine, wakamalizia safari kwa basi, wakiwa wamekaa nyuma. Mjini Sanford, Robinson na mrushaji John Wright, Mweusi wa pili wa Royals, walianza mazoezi kisha wakaondolewa haraka baada ya vitisho. Walihamia Daytona Beach, mji uliokuwa na chuo cha Mary McLeod Bethune na Weusi wenye sauti kidogo katika siasa za hapo, na tarehe 17 Machi Robinson alicheza katika uwanja wa City Island dhidi ya Dodgers wenyewe, huku watazamaji Weusi wakibanana katika sehemu yao iliyotengwa. Daytona haikuleta fujo. Miji mingine ilikataa. Jacksonville, Royals walipofika uwanjani walikuta lango limefungwa kwa kufuli. DeLand, walielezwa kwamba mechi imefutwa kwa sababu taa za uwanja ni mbovu. Mechi ilikuwa ya mchana. Mwezi Aprili, waliporudi Sanford, mkuu wa polisi aliingia katikati ya mchezo akaamuru Robinson atolewe. Tukio dogo la mazoezini lina maana vilevile. Robinson alikuwa ameumia mkono kwa kurusha mpira kupita kiasi, akahamishiwa nafasi ya kituo cha pili ambayo hakuijua vizuri, na aliyemfundisha namna ya kugeuza miguu hapo alikuwa Lou Rochelli, mchezaji Mzungu aliyekuwa akiiwania nafasi hiyohiyo. Tamko la kiongozi halimlazimishi mtu kufanya hivyo. Mazoezi ya kila asubuhi humpa angalau nafasi ya kufanya hivyo.

Msimu ulifunguliwa Alhamisi tarehe 18 Aprili 1946 katika uwanja wa Roosevelt mjini Jersey City, mbele ya Jersey City Giants. Meya Frank Hague, aliyeushika mji huo mkononi kwa miaka mingi, aliifanya siku ya ufunguzi kuwa sherehe ya nguvu zake; wafanyakazi wa mji walitarajiwa kununua tiketi, na zikauzwa zaidi ya 50,000 kwa uwanja wenye viti takriban 25,000. Robinson alishika gongo mara ya kwanza, akaupiga mpira dhaifu kwa mlinzi wa Giants, akatolewa. Katika awamu ya tatu alirudi, wenzake wawili wakiwa tayari kwenye vituo. Mrushaji wa mkono wa kushoto, Warren Sandel, aliurusha mpira, na Robinson akaupeleka juu ya ukuta wa kushoto. Pointi tatu kwa pigo moja. Alipomaliza kuvizunguka vituo, mpigaji aliyefuata, George Shuba, Mzungu kutoka Youngstown, Ohio, alikuwa amesimama kwenye kituo cha nyumbani, mkono mbele, akimsubiri. Wapiga picha waliinasa ile salamu. Baadaye Robinson alibadili silaha: aliugusa mpira taratibu ukabingirika mita chache, akakimbia akafika kituo cha kwanza, akaiba cha pili, akafika cha tatu, kisha akaanza kumchezea mrushaji akili, akijifanya anakimbilia nyumbani na kurudi, akikimbia na kurudi, mpaka mrushaji akababaika na kufanya kosa linalompa mkimbiaji pointi ya bure. Alilirudia jambo hilohilo dhidi ya mrushaji mwingine. Mara tano alizoshika gongo, nne zilizaa mapigo safi. Aliiba vituo viwili na kufunga pointi nne. Montreal walishinda 14 kwa 1.

Ni siku nzuri mno kiasi cha kumfanya mwandishi aishie hapo, na wengi wameishia hapo. Lakini siku moja, hata ikiwa ya ajabu namna ile, mbaguzi anaweza kuieleza: bahati, mrushaji dhaifu, shamrashamra za ufunguzi. Asichoweza kukieleza kirahisi ni msimu wa mechi 154. Baada ya Jersey City walikwenda Newark, kisha Syracuse, ambako mchezaji wa wenyeji alimtupa paka mweusi uwanjani na kupiga kelele kwamba ni ndugu yake Robinson. Robinson alipiga pigo zuri na kufika nyumbani. Kisha Baltimore, mji wa kusini zaidi katika ligi. Rais wa ligi, Frank Shaughnessy, alikuwa amemsihi Rickey asimpeleke huko, akihofia damu kumwagika. Rickey hakusikia. Matusi yalikuwa makali kiasi cha kumliza Rachel chumbani, lakini damu haikumwagika, na Weusi wa Baltimore walifurika majukwaani. Royals walirudi tena Baltimore baadaye, na tena. Robinson mwenyewe alilipa kwa mwili: alikosa usingizi, hamu ya kula ikapotea, na daktari akamwambia apumzike. Kwa maumivu na uchovu alicheza mechi 124 tu. Katika hizo alipata wastani wa 0.349, yaani pigo safi karibu 35 kwa kila mara 100 alizoshika gongo, wakati anayefikisha 30 huhesabiwa hodari. Aliongoza ligi nzima. Aliiba vituo 40 na kufunga pointi 113. Royals walishinda mechi 100, wakapoteza 54, wakamaliza mechi 18 na nusu mbele ya timu ya pili. Meneja wao, Clay Hopper, mtu wa Mississippi, alikuwa ameomba asipewe kazi ya kumfundisha Mweusi, na Rickey amesimulia kwamba Hopper alimuuliza kama kweli Weusi ni binadamu. Msimu ulipokwisha Hopper alimshika Robinson mkono na kumwambia kwamba ni mchezaji mkubwa na muungwana.

Kama kuna mtu anadhani natia chumvi umuhimu wa ligi ndogo, na asome walichoandika wapinzani wa Rickey wakati uleule. Mwezi Agosti 1946, Royals wakiwa kileleni, kamati ya wamiliki wa Ligi Kuu chini ya Larry MacPhail wa New York Yankees ilitoa ripoti iliyokusudiwa kubaki siri. Sehemu yake kuhusu rangi haizungumzii Brooklyn; inazungumzia Newark na Baltimore. Inasema kwamba katika baadhi ya mechi za miji hiyo Weusi walizidi nusu ya watazamaji, na kwamba hali hiyo ikihamia viwanja kama Yankee Stadium, thamani ya klabu inaweza kushuka. Inakiri pia kwamba Yankees pekee walikuwa wakipata karibu dola 100,000 kwa mwaka kwa kuzikodishia timu za Weusi viwanja vyao. Na inadai kwamba Weusi hawako tayari kwa Ligi Kuu kwa sababu hawajapitia miaka ya malezi katika ligi ndogo. Tazama hoja hiyo inavyojifunga yenyewe: ligi ndogo ndiyo shule, shule imefungwa kwa Mweusi, kwa hiyo Mweusi hajasoma. Wakati wanaandika hivyo, kijana mmoja alikuwa ndani ya shule hiyo akiongoza darasa. Wakubwa hawa walijua vizuri mahali hatari ilipo, nao walikuwa wakihesabu vichwa katika majukwaa ya ligi ndogo miezi minane kabla ya Aprili 1947.

Pingamizi la kwanza lenye nguvu linasema kwamba kilichofanya kazi ni Montreal, mji wa Kanada usio na ubaguzi, na ligi ndogo haina sifa yoyote hapo. Robinson na mkewe walipanga nyumba katika mtaa wa De Gaspé, miongoni mwa majirani wanaozungumza Kifaransa, na Rachel, aliyekuwa mjamzito, alikumbuka maisha yake yote wema wa majirani waliomletea kuponi zao za mgao wa chakula. Wema huo nauamini. Lakini Kanada ya wakati huo haikuwa nchi isiyo na rangi. Mwaka 1936 Fred Christie, Mjamaika mkazi wa Montreal, alinyimwa bia katika baa ya mji huohuo kwa kuwa ni Mweusi. Alishtaki, na mwaka 1939 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwamba mwenye baa alikuwa na haki ya kumkataa. Novemba 1946, mwezi mmoja baada ya Royals kutwaa ubingwa, Viola Desmond alikamatwa Nova Scotia kwa kukaa sehemu ya Wazungu katika ukumbi wa sinema. Mji ulioweza kumnyima Christie bia uliweza kumpenda Robinson kwa sababu alikuwa mchezaji wao, kila wiki, kwa msimu mzima. Upendo huo ulionekana wazi katika fainali. Royals walikutana na Louisville Colonels, mabingwa wa American Association, na mechi tatu za kwanza zilichezwa Kentucky. Tiketi za Weusi zilipunguzwa, zomeazomea ilikuwa ya kutisha, Robinson alipata pigo safi moja tu katika mara 11, na Louisville wakaongoza kwa mechi mbili dhidi ya moja. Timu ziliporudi Montreal, mashabiki waliokuwa wamesoma magazetini aliyotendewa mchezaji wao waliwazomea Colonels wote, kila mmoja aliposhika gongo. Royals walishinda mechi tatu mfululizo. Tarehe 4 Oktoba, baada ya ushindi wa mwisho, umati ulimbeba Robinson, ukamkumbatia, na alipojaribu kuwahi usafiri ukamkimbiza barabarani kwa furaha. Mwandishi Sam Maltin alieleza katika Pittsburgh Courier kwamba huenda ni mara ya kwanza Mweusi kukimbia umati wa Wazungu ambao haukutaka kumuua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ikiwa kazi ilikwisha 1946, mbona 1947 ilikuwa ya mateso? Baadhi ya wachezaji wa Dodgers walijaribu kupanga waraka wa kumkataa. Ben Chapman, meneja wa Philadelphia Phillies, aliongoza timu yake kumtukana hadharani. Na Boston Red Sox walikaa hadi 1959 bila mchezaji Mweusi hata mmoja. Sisemi kwamba ubaguzi ulikwisha. Nasema kwamba swali lilibadilika. Mwaka 1945 wakubwa waliuliza kama Mweusi anaweza kucheza na Wazungu. Mwaka 1947 waliuliza watamzuia vipi aliyekwisha kucheza nao. Waliotaka kugoma Brooklyn hawakuwa wamekaa naye msimu mzima. Waliokaa naye, akiwamo Hopper wa Mississippi, walikuwa wameshuhudia. Tena Robinson hakuwa peke yake. Msimu uleule wa 1946 Rickey aliwapeleka Roy Campanella na Don Newcombe kwenye timu ya Nashua, New Hampshire, madaraja kadhaa chini. Siku moja meneja Walter Alston alipotolewa uwanjani na refa, Campanella ndiye aliyeshika timu, Mweusi akiwaongoza Wazungu katika mji mdogo wa viwanda, na Nashua wakashinda. Wote wawili walikuja kuwa nguzo za Dodgers. Hata hivyo haki inataka tumtaje na John Wright. Alikuwa mrushaji mzuri wa Homestead Grays, lakini chini ya macho yale yote alishindwa kutulia, akapata nafasi chache mno Montreal, akashushwa Trois-Rivières. Roy Partlow aliyechukua nafasi yake akashushwa vilevile. Mzungu aliyeanza vibaya alipewa muda. Mweusi alitakiwa kuwa Robinson.

Gharama nyingine ililipwa na ligi za Weusi, zilizojengwa tangu Rube Foster alipoasisi Negro National League mwaka 1920. Rickey hakuwalipa Kansas City Monarchs hata senti kwa ajili ya Robinson, na sioni namna ya kumtetea katika hilo. Mwaka huohuo wa 1946 Newark Eagles, timu ya Effa Manley na mumewe, ilitwaa ubingwa wa ligi za Weusi kwa kuwashinda Monarchs, ikicheza katika uwanja uleule wa Newark ambako Royals walikuja kupambana na Newark Bears. Manley alipiga kelele hadi Cleveland ikalipa ilipomchukua Larry Doby Julai 1947. Lakini mashabiki Weusi walikuwa wameanza kufuata treni za Brooklyn, na baada ya msimu wa 1948 ligi iliyorithi jina hilo la Negro National League ilifungwa. Ajira za makocha, mameneja na wamiliki Weusi zilikwenda nayo, na ligi zilizofungua milango kwa wachezaji hazikuwafungulia hao.

Pingamizi la mwisho ndilo linaloigusa hoja yangu moyoni: ligi ndogo za Kusini zilikuwa ngome za mwisho za ubaguzi, kwa hiyo udogo wa ligi si dawa. Ni kweli, na miji miwili inaonyesha tofauti iko wapi. Jacksonville, mji uliofunga lango kwa kufuli mwaka 1946, ilipokea mwaka 1953 wachezaji watatu Weusi wa timu yake ya South Atlantic League. Mmoja alikuwa Hank Aaron, mwenye miaka 19. Hakuruhusiwa kulala wala kula na wenzake safarini, akatukanwa katika kila mji, lakini alipewa msimu mzima. Aliumaliza na wastani wa 0.362, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi, na Weusi waliendelea kuichezea ligi hiyo. Mwaka uliofuata Atlanta Crackers ya Southern Association ilimjaribu Nat Peeples. Alicheza mechi mbili ugenini, akashika gongo mara nne bila pigo safi, akashushwa Jacksonville kabla ya kucheza rasmi mbele ya mashabiki wa Atlanta. Southern Association ilifungwa baada ya msimu wa 1961, na mpaka inafungwa haikuwahi kuwa na mchezaji mwingine Mweusi.